Kinywa Kilichoumizwa na Tiba: Historia ya Dawa za Kusukutua

 Leo tutafuata historia ya kitu kidogo, maji ya kusukutua kinywa. Lakini si maji yale ya kila siku asubuhi. Tutazungumza juu ya dawa za kusukutua walizotengenezewa wagonjwa wa saratani, watu ambao vinywa vyao hupata vidonda, si kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, bali kwa sababu ya tiba ile ile inayokusudiwa kuwaponya.

Pengine utauliza: "Maji ya kusukutua nayo yana historia?" Yanayo, tena yenye faida. Mgonjwa mwenye vidonda kinywani hawezi kutafuna, na mara nyingine hata kumeza mate humshinda. Asipokula hudhoofika. Akidhoofika, daktari hulazimika kupunguza dawa au kuiahirisha, na tiba ikiahirishwa saratani hupata nafasi ya kujijenga upya. Kwa hiyo kidonda kidogo cha ulimini chaweza kuharibu kazi kubwa ya hospitali nzima. Tena iko faida ya pili. Historia hii yatufundisha jinsi ya kuipima dawa yoyote: si kwa wingi wa vitu vilivyochanganywa ndani yake, wala si kwa bei yake, bali kwa kuilinganisha kwa haki na kitu rahisi kuliko yenyewe, hata kama kitu hicho ni maji matupu.

Kwanza tutazame vidonda hivi vyatoka wapi. Mwili wako, ndugu msomaji, umejengwa kwa chembe hai nyingi mno. Chembe za saratani hujigawa bila kufuata amri ya mwili, na dawa nyingi za kwanza za saratani zilitengenezwa ili kuziua chembe zinazojigawa upesi. Lakini dawa hizo hazina macho. Haziwezi kutambua ipi ni chembe ya saratani na ipi ni chembe njema. Na utando laini wa ndani ya kinywa ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazojigawa upesi sana, maana hujifanya upya kila baada ya wiki moja au mbili. Basi dawa iingiapo katika damu, utando ule nao hupigwa. Kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya kumi kinywa huwa chekundu, huwaka kama kilichounguzwa na uji wa moto, kisha vidonda hufunguka. Tiba ya mionzi ya kichwa na shingo hufanya vivyo hivyo, ila polepole: wekundu huonekana yapata wiki ya pili, na vidonda hufuata.

Ubaya huzidi kwa sababu siku zile zile chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huwa zimepungua. Kidonda basi huwa ni mlango ulioachwa wazi wakati walinzi hawapo. Vijidudu vya kinywani vikipita hapo na kuingia katika damu, maisha ya mgonjwa yamo hatarini.

Jambo hili lilionekana tangu mwanzo kabisa wa dawa za saratani. Katika mwaka wa 1948 Daktari Sidney Farber wa Hospitali ya Watoto ya Boston, Marekani, alitangaza habari za watoto 16 wenye saratani kali ya damu aliowapa dawa iitwayo aminopterini. Dawa hiyo ilitengenezwa na kikundi cha mkemia Yellapragada Subbarow, mzaliwa wa Bara Hindi, nayo iliizuia kazi ya vitamini moja ambayo chembe huihitaji ili zijigawe. Watoto 10 kati ya hao 16 walipata nafuu. Nafuu ile haikudumu, lakini kabla yake ugonjwa huo haukuwa na dawa ya kuutuliza namna hiyo. Hata hivyo vinywa vya watoto viliota vidonda. Madaktari wa miaka ile walivitazama vidonda kama alama: vikionekana, dawa imefika mpaka wake, na yafaa kuisimamisha.

Dawa iliyofuata, methotreksati, ilikuwa ndugu wa ile ya kwanza, na hapa historia yetu inaingia Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1957 Daktari Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuchunguza uvimbe wa ajabu uliokuwa ukiota katika mataya ya watoto. Mwaka uliofuata aliandika habari zake, na hata leo uvimbe huo waitwa kwa jina lake. Kisu hakikuweza kuuondoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 dawa za saratani, methotreksati ikiwa mojawapo, zilijaribiwa kwa watoto hao, na matokeo ya methotreksati yalichapishwa mwaka 1963. Uvimbe mwingi uliyeyuka kwa namna iliyowastaajabisha waganga. Mwaka wa 1967 ndipo ilipoanzishwa pale Mulago nyumba ya tiba iliyokuwa chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Fikiri basi hali ya mtoto yule: taya lake lina ugonjwa, na dawa inayoliponya taya ndiyo inayokichoma kinywa. Haja ya maji mazuri ya kusukutua ilikuwa wazi kwa kila mama aliyeketi kando ya kitanda na bakuli la uji usionyweka.

Sasa tuangalie wataalamu walifanya nini. Waweza kuigawa historia yao katika fikra tatu, na kila fikra ilizaa dawa yake.

Fikra ya kwanza ilikuwa hii: kidonda ni kazi ya vijidudu, basi tuviue vijidudu. Fikra hiyo haikuwa ya kijinga, maana kinywa kimejaa vijidudu. Tena dawa ilikuwapo tayari. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kiwanda cha kemikali cha Uingereza kilikuwa kimetengeneza dawa ya kuua vijidudu iitwayo klorheksidini. Mwaka wa 1970 mtaalamu Harald Löe na mwenzake Schiött, katika mji wa Aarhus, Denmark, walionyesha kwamba mtu akisukutua kwa dawa hiyo mara mbili kwa siku, utando mchafu haujengeki katika meno yake. Madaktari wa saratani wakasema, "Kama yayafaa meno, na vidonda pia itavifaa." Hospitali nyingi zikaanza kuwapa wagonjwa.

Lakini ndugu msomaji, kusema itafaa si sawa na kuonyesha kwamba inafaa. Aliyelishika jambo hili kwa dhati alikuwa muuguzi, Profesa Marylin Dodd wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa usiku, ndiye anayeona kikombe kinavyorudishwa kikiwa kimejaa. Dodd na wenzake waliwachukua wagonjwa 222 waliokuwa wakipewa dawa za saratani, wakawagawa kwa kura. Wengine walipewa klorheksidini, wengine maji safi yasiyo na dawa, na wote walifundishwa kukitunza kinywa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Klorheksidini haikuyashinda maji.

Kwa nini kura? Kwa sababu kama daktari angechagua mwenyewe, pengine angempa dawa yule aonekanaye ana nguvu, na maji yule aliyedhoofika, kisha akaisifu dawa kwa kazi ambayo haikuifanya. Kura haimjui mtu wala haimpendelei mtu.

Fikra ya pili ilikuwa ya huruma: kama hatuwezi kukizuia kidonda, basi tuyatulize maumivu. Hapa wafamasia waliingia kazini. Walichukua dawa kadhaa zilizokwisha kuwapo, wakazichanganya katika chupa moja. Mojawapo ni lidokeni, dawa ya kutia ganzi iliyotengenezwa mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren wa Sweden, ile ile anayoitumia mganga wa meno kabla ya kung'oa jino. Nyingine ni difenhidramini, dawa ya mzio iliyoanza kutumika Marekani katika miaka ya 1940, ambayo nayo hutia ganzi kidogo. Ya tatu ni ile dawa nyeupe, nzito, ya kutuliza kiungulia, inayotandaza utando juu ya kidonda. Wengine waliongeza nistatini, dawa ya ukungu wa kinywani iliyogunduliwa na mabibi wawili wa New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, na kutangazwa mwaka 1950.

Mchanganyiko huo Wamarekani waliupa jina la maji ya miujiza ya kusukutua. Jina ni tamu, lakini muujiza haukuwa na kanuni moja. Hospitali hii ilitia vitu vitatu, ile ikatia vitano. Huyu alipima kwa kijiko, yule kwa kikombe. Ukimwuliza mgonjwa, "Unatumia dawa gani?" hutajua amekunywa nini mpaka umwulize mfamasia wake. Tena wagonjwa walilipa, maana kila kitu kinachoongezwa katika chupa kina bei yake.

Profesa Dodd akarudi tena. Safari hii alilinganisha vitu vitatu: mchanganyiko ule wenye sifa, klorheksidini, na maji yaliyotiwa chumvi na unga wa bikaboneti ya soda. Wagonjwa 200 waliingia katika jaribio. Matokeo yakatoka mwaka wa 2000. Kwa wagonjwa 142 kati ya hao 200 dalili za vidonda zilikwisha katika muda wa siku 12. Hapakuwa na tofauti ya kuaminika katika maumivu wala katika kupona. Tofauti ilikuwa moja tu: chumvi na soda ndizo zilizokuwa rahisi kwa bei.

Usikie vizuri jambo hili, maana wengine hulichukua vibaya. Halikusema kwamba dawa hazina kazi. Lilisema kwamba chupa ya gharama haikukiponya kidonda upesi kuliko chumvi na soda. Mwaka wa 2019 lilichapishwa jaribio jingine la Marekani, la wagonjwa 275 waliopata vidonda kwa mionzi ya kichwa na shingo. Walipewa ama ule mchanganyiko, ama maji ya kusukutua yenye doksepini, ambayo ni dawa ya zamani ya huzuni yenye nguvu ya kutia ganzi, ama maji yasiyo na dawa. Safari hii swali lilikuwa jingine: maumivu yalipungua kiasi gani katika saa nne za kwanza baada ya kusukutua? Mchanganyiko na doksepini zote mbili ziliyashinda maji, ijapokuwa kwa kiasi kidogo. Basi weka mambo haya mawili pamoja. Kupoza maumivu kwa saa chache ili mtu apate kula ni msaada wa kweli. Kuponya kidonda ni jambo jingine. Anayeuziwa la kwanza asidhani amenunua la pili.

Fikra ya tatu ilitokea pale wataalamu walipoacha kutazama juu ya kidonda, wakatazama chini yake. Daktari Stephen Sonis wa Boston, ambaye ni mtaalamu wa magonjwa ya kinywa, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 2004 kwamba kidonda hiki huanza kabla hakijaonekana. Dawa au mionzi huziumiza chembe zilizo chini ya utando. Chembe hizo hutoa ishara za mwako, ishara huitana na kuzidishana, na mwishowe utando wa juu hupasuka. Vijidudu huja baadaye, kama fisi waliosikia harufu. Huongeza madhara, lakini si wao walioangusha mnyama. Sasa twaelewa kwa nini klorheksidini ilishindwa: ilikuwa ikipigana na mgeni aliyefika mwisho.

Ukikijua chanzo, hata kitu kidogo hufanya kazi kubwa. Mfano mmoja ni barafu. Dawa moja ya saratani, florourasili, iliyovumbuliwa na Charles Heidelberger na wenzake huko Wisconsin na kutangazwa mwaka 1957, ikichomwa sindano kwa mkupuo hupungua upesi katika damu, ndani ya dakika chache. Wataalamu wakafikiri: kama mgonjwa atafyonza vipande vya barafu wakati huo, mishipa ya damu ya kinywani itasinyaa, na dawa haitafika kwa wingi. Wakawaagiza wagonjwa waanze dakika tano kabla ya sindano na waendelee kwa nusu saa. Jaribio lililochapishwa mwaka 1991 lilionyesha vidonda vimepungua, na mpaka leo shauri hilo limo katika miongozo ya kimataifa. Barafu si dawa ya kusukutua, lakini ilifundisha namna ya kufikiri.

Mfano wa pili ni benzidamini, iliyotengenezwa Italia katika miaka ya 1960. Hii hutuliza mwako wenyewe, pamoja na kutia ganzi. Mwaka wa 2001 Daktari Joel Epstein na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo. Wale waliosukutua kwa benzidamini, tangu kabla ya vidonda, walipata wekundu na vidonda pungufu kwa kadiri ya asilimia 30, maadamu kiasi cha mionzi kilikuwa cha wastani. Mionzi ilipozidi, faida ilififia. Ndiyo maana miongozo huipendekeza kwa wagonjwa wa namna fulani, si kwa kila mtu.

Mfano wa tatu ndio ulio wazi kuliko yote. Iko dawa ya saratani ya matiti iitwayo everolimusi. Vidonda vyake si kama vile vya methotreksati, bali ni vidogo, vya mviringo, vyenye mwako mkali. Daktari Hope Rugo wa San Francisco na wenzake waliwapa wanawake maji ya kusukutua yenye deksamethasoni, dawa ya kale ya kutuliza mwako, mara nne kwa siku kwa wiki nane, kuanzia siku ya kwanza ya tiba, bila kungoja kidonda. Matokeo yalitoka mwaka wa 2017. Kati ya wanawake 85 waliohesabiwa, wawili tu walipata vidonda vya kuwasumbua sana au kiasi. Katika jaribio la zamani lisilokuwa na maji hayo, walikuwa 33 katika kila 100. Mwenye kupima kwa haki atasema kwamba makundi haya hayakugawanywa kwa kura siku moja, na hilo ni kweli. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Tena angalia: hapakutengenezwa dawa mpya hata moja. Kilichokuwa kipya ni kukijua kidonda.

Sasa historia hii yatufaa nini sisi nyumbani? Kama yupo jamaa yako anayetibiwa saratani, mambo ya msingi ni haya. Kinywa kisafishwe kwa mswaki laini. Asukutue mara nyingi kwa siku, baada ya chakula na kabla ya kulala. Maji yachemshwe, yaachwe yapoe mpaka yawe vuguvugu. Katika lita moja tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya soda, ule unga unaotiwa katika keki. Si magadi ya kulainishia maharagwe, wala soda ya kufulia nguo, wala hamira. Hivyo ni vitu vingine, na magadi na soda ya kufulia vyaweza kukichoma kinywa. Asukutue, ateme, asimeze. Maji mapya yatengenezwe kila siku. Dawa za dukani zenye kileo aziache, maana huwasha na kukausha. Hali kadhalika ndimu, siki na pilipili.

Na akiona homa, au damu isiyokoma, au akishindwa kunywa maji, asingoje siku ya miadi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wala asifiche vidonda kwa kuogopa kwamba tiba itasimamishwa. Daktari anayeambiwa mapema anayo mengi ya kufanya, kuliko yule anayeambiwa mgonjwa akiwa hawezi tena kufumbua kinywa. Dawa zile nyingine tulizozitaja, za ganzi na za mwako, ziulizwe kwake, kwa kuwa kila moja ina mgonjwa wake. Mtu aliyetiwa ganzi kinywani naye asile mpaka aweze kuhisi vizuri, asije akajiuma au akapaliwa.

Tumetoka Boston mwaka 1948, tukapita Kampala, tukafika katika majaribio ya juzi. Miaka hiyo yote wataalamu walikuwa wakitafuta kitu cha kutia katika kikombe cha mgonjwa. Mara nyingine walichokipata kilikuwa cha thamani; mara nyingine maji ya chumvi na soda yalikuwa sawa na chupa ya fedha nyingi. Hakuna ambaye angeyajua hayo kama asingetokea mtu wa kuuliza, tena akakubali jibu lolote litakalokuja. Utakapoletewa dawa yenye sifa nyingi, ya kinywa au ya ugonjwa mwingine, uliza maswali mawili: imelinganishwa na nini, na watu waligawanywaje? Swali hilo halimvunjii daktari heshima. Ndilo analojiuliza yeye mwenyewe.

Hilo ndilo somo letu. Kwaherini mpaka wakati mwingine.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini vidonda vya kinywani vyaweza kuichelewesha tiba ya saratani?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini wagonjwa waligawanywa kwa kura katika jaribio la klorheksidini.

3. Jaribio la mwaka 2000 na la mwaka 2019 yaonekana kama yanapingana juu ya maji ya mchanganyiko. Je, yanapingana kweli? Toa sababu.

4. Taja dawa moja inayosifiwa sana mahali mnapokaa. Kikundi kingependa kujua nini kabla ya kuinunua?